Isoprini au monotepini: miti ipi ipandwe pale penye moshi wa salfa?

Wadau, kuna ushauri mmoja unasambaa sana nao ni kwamba ukiwa na mtambo wa makaa ya mawe au kiwanda cha kuyeyusha shaba jirani basi panda miti, mti wowote tu, mti ni mti, hewa itasafika. Ushauri huo ni nusu. Ni kweli majani yanavuta salfa dayoksaidi (tuiite SO2 tu ili tusichoke) kupitia vile vitundu vyake, lakini mti huohuo na wenyewe unatoa gesi, na zile gesi zikikutana na salfa huko hewani ndo zinachangia kuamua salfa iishie wapi, ibaki gesi, igeuke asidi, au iwe vumbi laini lile linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Na miti haifanani hata kidogo kwenye gesi inazotoa. Kwa hiyo nataka tuziweke pamoja zile kubwa mbili, isoprini na monotepini, halafu na miti isiyotoa karibu chochote, tuone ipi inafaa wapi.

Kwanza salfa yenyewe ikiwa peke yake inafanyaje, maana bila hapo hutaelewa mti unabadilisha nini. SO2 mchana inashambuliwa na OH, hii ni radikali (kipande cha molekuli chenye haraka ya kumenyuka) inayotengenezwa na mwanga wa jua na ndo fundi mkuu wa kusafisha hewa, lakini kwa SO2 iko polepole, njia hiyo ikiwa peke yake ingechukua kama wiki moja mpaka mbili kuimaliza. Ndani ya matone ya mawingu na ukungu mambo yanaenda haraka zaidi, peroksaidi ya haidrojeni ikiwepo humo inaigeuza kuwa salfeti (salfa iliyokwisha kuoksidishwa, inayokaa ndani ya matone na vumbi) ndani ya masaa au hata chini ya hapo. Nyingine inashuka tu yenyewe kwenye majani, udongo na maji. Ukijumlisha njia zote SO2 ya karibu na ardhi inakaa hewani siku moja au chache hivi. Sasa mmea unaweza kuingilia kwa namna tatu: kumla huyo OH kabla hajaifikia salfa, kuleta mafundi wapya wa kuishambulia, au kuleta gesi zinazokwenda kunasa kwenye salfeti ikishakuwa vumbi. Isoprini na monotepini zote zinafanya yote matatu ila kwa uzito tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndo ya kuchagulia.

Kwa wingi isoprini haina mpinzani. Mimea ya dunia nzima inatoa kama tani milioni 500 kwa mwaka, karibu nusu ya gesi zote za kaboni zinazotoka kwenye mimea ukiacha CO2. Mialoni mingi, mipopla, mikaratusi, michikichi, mianzi ya aina nyingi, wote hao ni watoaji wakubwa. Jani haliihifadhi, linaitengeneza papo hapo kwenye mwanga na kuiachia, kwa hiyo usiku hakuna, na joto likipanda inapanda kwa kasi mpaka kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Monotepini ni ile harufu ya msonobari na ya ganda la chungwa, jumla yake ni ndogo kuliko isoprini lakini misonobari na jamii yake inazihifadhi kwenye mirija ya utomvu, na kitu kilichohifadhiwa kinavuja mchana na usiku kutegemea joto tu. Hili la usiku lishike, tutalirudia. Na usibebe jina la mti ukadhani umemaliza kazi, maana kuna mwaloni wa pwani za Mediterania, Quercus ilex, hautoi isoprini kama ndugu zake wengi, unatoa monotepini, na bila ghala, kwenye mwanga tu. Mikaratusi nayo inatoa zote mbili. Ndo maana mi huwa nasisitiza uangalie spishi yenyewe imepimwa vipi, sio familia.

Sasa tuje kwenye pambano lenyewe, na naanza na ozoni (gesi ya oksijeni tatu, ipo pia hewa ya karibu na ardhi) maana hapo ndo kuna kisa kizuri zaidi.

Gesi hizi zote zina kifungo maradufu cha kaboni, na ozoni inakipenda sana. Ikikishika inakivunja katikati, upande mmoja unabaki kitu cha kawaida kama formaldehaidi, upande wa pili unabaki kipande cha mpito kinachoitwa kipande cha Criegee, kwa jina la Rudolf Criegee, mkemia Mjerumani aliyependekeza njia hii miaka ya 1940 mwishoni. Kipande hiki kina njaa. Kwa miaka mingi watu walijua kipo lakini hakuna aliyeweza kukipima moja kwa moja kwenye gesi, walikisia tu kwamba kwa SO2 kiko polepole kwa hiyo kisihesabiwe. Mwaka 2012 timu ya maabara ya Sandia huko Marekani na wenzao wakafanikiwa kutengeneza kile kidogo kuliko vyote, CH2OO, wakakipima kikiwa na SO2 na kumbe kina kasi kubwa mno, na SO2 inatoka hapo imeshakuwa SO3, ambayo ikipata maji tu ni asidi ya salfa. Mwaka huohuo vipimo vya msitu wa misonobari wa Hyytiälä, Finland, vikaonyesha asidi ya salfa hewani ni nyingi kuliko OH inavyoweza kueleza, na ile ziada ilihusiana na ozoni ikikutana na gesi za miti. Yaani msitu wenyewe ulikuwa unatengeneza fundi wa pili wa salfa.

Mtu akisoma hapo anaweza kusema basi isoprini ndo hatari zaidi, ni nyingi na inatoa CH2OO. Hapana, na hapa naomba twende taratibu. Hewa ina mvuke wa maji, na molekuli mbili za maji zikishikana zinakula CH2OO kwa kasi, jambo lililopimwa vizuri mwaka 2015. Ni kama abiria wanaogombea kiti kimoja, aliye wengi ndo anakaa: kwenye hewa ya joto yenye unyevu wa kawaida CH2OO inaishi chini ya elfu moja ya sekunde, na hata SO2 ikiwa sehemu 10 kwa bilioni, ambayo ni hewa chafu tayari, maji yanaishinda zaidi ya mara 100. Kwa hiyo njia hii kwa isoprini inakufa karibu yote kwenye unyevu. Monotepini ni habari nyingine. Vipande vyake vya Criegee ni vikubwa na vina maumbo mengi, baadhi ya maumbo hayo maji hayayagusi kwa haraka, kwa hiyo SO2 inapata nafasi. Adui wao mkubwa ni kwamba wanavunjika wenyewe, ila wakivunjika wanatoa OH! Alfa-pinini, monotepini ya msonobari, ikikutana na ozoni inatoa OH karibu 0.8 kwa kila molekuli moja, isoprini ni kama 0.25 tu. Na OH hiyo haihitaji jua.

Unaona sasa kwa nini nilisema usiku ushikwe. Usiku isoprini haitolewi, OH ya jua haipo, lakini msonobari unaendelea kuvuja na ozoni bado ipo, kwa hiyo salfa inaendelea kugeuzwa gizani. Kasi pia inaongea, kwenye ozoni ya sehemu 40 kwa bilioni isoprini inadumu karibu siku nzima kabla ozoni haijaimaliza, alfa-pinini kama masaa matatu, limonini (monotepini ya ganda la chungwa) saa moja na kitu. Seskwitepini, ndugu wakubwa wa monotepini, kama beta-kariofilini zinaisha ndani ya dakika moja na nusu hivi, sitakaa nazo sana, zina nguvu kwa kila molekuli lakini ni chache na zinaishia palepale kwenye matawi kabla hazijafika kwenye moshi wako.

Raundi hiyo basi, kwa kugeuza SO2 ya gesi kuwa asidi, monotepini ndo zenye madhara zaidi kwa kila kilo. Isoprini ni kinyume kidogo, inamla OH. Inamenyuka naye kwa kasi kiasi kwamba mchana haidumu zaidi ya saa moja au mbili, na OH aliyeliwa hapo hawezi kwenda kwa SO2. Kwenye misitu safi kama Amazon vipimo vilionyesha OH anarudishwa kwa kiasi kupitia mabaki ya isoprini yenyewe kwa hiyo hapungui kama watu walivyotegemea, lakini mwelekeo ndo huo, isoprini inashindana na salfa kugombea OH.

Ukiishia hapo utachagua isoprini, na utakuwa umekosea, maana bado hatujaangalia kinachotokea salfa ikishakuwa vumbi.

Isoprini ikishambuliwa na OH mahali ambapo oksidi za naitrojeni (gesi za moshi wa magari na mitambo) ni chache, hatua kadhaa mbele inatoka gesi inayoitwa IEPOX. Ndani yake kuna pete ndogo ya pembe tatu, kaboni mbili na oksijeni moja, imejikunja kwa nguvu na inasubiri sababu ya kufunguka. Sababu hiyo ni asidi. Ikitua juu ya chembe ya salfeti yenye unyevu na uchachu, pete inafunguka, maji yakiidaka inakuwa kileo chenye mikono minne (alkoholi ya kikemia, sio pombe), salfeti yenyewe ikiidaka inakuwa salfeti ya kikaboni, na vyote viwili havirudi tena kuwa gesi, vinabaki ndani ya chembe. Vile vileo viligunduliwa kwenye vumbi la Amazon na kuchapishwa 2004, kabla ya hapo watu wengi waliamini isoprini haina mchango wa maana kwenye vumbi laini. Kwa maneno mengine salfeti ya kiwandani inaivuta isoprini ya msituni kutoka kwenye gesi na kuifanya vumbi, chembe iliyokuwa ndogo inanenepa. Na pale ambapo IEPOX ni nyingi kuliko salfeti, sehemu kubwa ya salfeti ya kawaida inageuka kuwa ya kikaboni, chembe inapata ganda zito linalonata, inanyonya maji kidogo kuliko salfeti safi na kupokea gesi mpya kunakuwa kugumu. Hayo sio mambo ya maabara tu, kusini mashariki mwa Marekani ambako kuna mialoni mingi, joto, unyevu na mitambo ya makaa ya mawe, kampeni kubwa ya vipimo ya mwaka 2013 huko Alabama ilionyesha vumbi la isoprini linafuata salfeti hatua kwa hatua.

Habari njema imejificha hapohapo. Marekani imepunguza SO2 kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1990, na huko kusini mashariki salfeti ilipopungua na vumbi la kikaboni likapungua nalo, bila kukata hata mwaloni mmoja. Kilo moja ya salfa ukiizuia kwenye bomba la moshi unakuwa umezuia na sehemu ya vumbi la isoprini juu yake. Mi hii kwangu ni hoja nzito kuliko zote, kwamba kabla ya kuhangaika na spishi muulize mwenye bomba ameweka chujio la salfa au hajaweka.

Monotepini kwenye vumbi zinaenda njia yao nyingine. Alfa-pinini ikishaoksidishwa mara moja inaweza kuendelea kujioksidisha yenyewe ndani ya sekunde chache, inajaza oksijeni mpaka inakuwa nzito haiwezi tena kuwa gesi, na molekuli hizi hazihitaji salfeti iwepo kwanza. Chumba cha majaribio cha CLOUD pale CERN, maabara kubwa ya fizikia huko Uswisi, kilionyesha mwaka 2016 kwamba zinaweza kuzaa chembe mpya kabisa bila asidi ya salfa. Asidi ya salfa ikiwepo nayo wanasaidiana, chembe zinazaliwa nyingi na zinakua upesi. Isoprini kwa upande wa kuzaa chembe mpya karibu na ardhi inafanya kinyume, ukiichanganya na monotepini uzazi wa chembe unashuka, hilo limeonekana kwenye vyumba vya mimea tangu 2009. Huko juu sana kwenye baridi kali inageuka tena, utafiti wa 2024 umeonyesha mabaki ya isoprini iliyopandishwa na mawingu ya radi yanazaa chembe kwa wingi, na asidi ya salfa kidogo mno inaongeza kasi mpaka mara 100, ila hayo hayamhusu mtu anayechagua miche.

Kwa hiyo ukiziweka ubavu kwa ubavu: isoprini inahitaji salfa ishakuwa salfeti, iwe na uchachu, kuwe na unyevu, joto na mwanga, halafu inainenepesha. Monotepini zinaishika salfa mapema ikiwa bado gesi, zinaisukuma kuwa asidi, mchana na usiku, na zinazaa chembe mpya.

Kundi la tatu linasahaulika wakati ndo ningelianza nalo mimi: miti inayotoa kidogo sana. Jamii ya matofaa, mapeasi, maplamu na cheri kwa ujumla ni watoaji wadogo wa zote mbili. Hawa wanavuta SO2 kwa majani kama wengine ila hawaongezi malighafi hewani. Ubaya wao ni kwamba wengi wanapukutisha majani, na miezi hiyo hakuna kinachovuta.

Hapo mtu atasema basi msonobari, una majani mwaka mzima. Hapana jamani. Tabia hiyohiyo ndo inauua, sindano zake zinakaa miaka kadhaa zikikusanya salfa bila kupumzika. Kwenye milima ya mpaka wa Cheki, Poland na Ujerumani Mashariki ya zamani, eneo lililoitwa Pembetatu Nyeusi, moshi wa makaa ya kahawia miaka ya 1970 na 1980 uliua misitu mikubwa ya misprusi (ndugu wa msonobari). Ukipanda jamii hiyo karibu na SO2 kali unapata mti unaotoa monotepini, na ukiumia unatoa zaidi, halafu unakufa.

Basi uchague vipi. Ukiwa karibu na chanzo kikubwa cha SO2, ndani ya kilomita kadhaa, chukua watoaji wadogo wanaovumilia salfa na usiwaguse wa utomvu. Ukiwa mbali kidogo upande upepo unakokwenda, ambako salfa imeshakuwa salfeti, na mahali ni pa joto na unyevu, shamba kubwa la isoprini ndo la kuogopa zaidi, hapo IEPOX inapata kila inachotaka. Mahali pa baridi, isoprini inakuwa kidogo yenyewe na shida inahamia kwa monotepini za usiku. Katikati ya jiji lenye magari mengi oksidi za naitrojeni zinaizuia IEPOX isitengenezwe kwa wingi, lakini usifurahi, isoprini hapo inakwenda kutengeneza ozoni, na ozoni ndo inayoamsha monotepini, kwa hiyo jiji nalo ni la watoaji wadogo. Na kama uko mbali na salfa kabisa, hili swali lisikunyime usingizi, chagua kwa maji, kivuli, udongo na mbao.

Kuhusu ukubwa pia tusidanganyane, miti kumi uani haitabadilisha kemia ya salfa ya mtu yeyote. Haya ninayosema yanaanza kuwa na uzito kwenye mashamba ya maelfu ya hekta na mipango ya jiji zima. Huko Borneo vipimo vilionyesha shamba la michikichi linatoa isoprini nyingi kuliko msitu wa asili uliokuwepo jirani, kwa hiyo uamuzi wa zao moja unaweza kubadilisha hewa ya wilaya nzima, na ni uamuzi unaofanywa bila hata mtu mmoja mezani kuuliza mti unatoa nini.

Kwa anayeandaa mradi wa namna hiyo, vitu vya kudai kabla ya miche kuagizwa ni vinne: kiwango cha utoaji cha spishi husika kilichopimwa kwenye nyuzi 30 na mwanga wa mikromoli 1000 kwa mita ya mraba kwa sekunde (ndo kipimo cha kawaida, ukipewa namba bila masharti hayo huwezi kulinganisha), SO2 na salfeti za eneo kwa misimu yote na sio wastani wa mwaka tu, unyevu wa usiku, na oksidi za naitrojeni. Ukikosa hicho cha kwanza kwa spishi yako, funga tawi lake kwenye mfuko wa Teflon, pitisha hewa safi, pima kinachotoka, mara moja mchana na mara moja usiku. Kama usiku nao zinatoka monotepini nyingi, zisizo mbali na za mchana, ujue una mti wa ghala la monotepini, na kwa sehemu ya SO2 kali ubadilishe.